Mito ya Benchi la Mbele

Kijana mwenye tai alibisha hodi nikiwa natia uzi kwenye cherehani ya marehemu mama. Sikumjua. Alisema ametoka kamati ya ujenzi ya kanisa, akaketi kabla sijamkaribisha, akatoa pole ya haraka.

"Dada, mama aliahidi kuchangia mnara. Hakumaliza. Kamati imeamua ahadi za marehemu zirithiwe na watoto."

Nilidhani ananitania. "Na mkopo wangu wa chuo nao mtaurithi?"

"Waliokuwa wanatoa ni wazee, na wanakwisha. Nyie vijana mnakuja kuimba tu, mifuko mmeishona."

"Kwenye kamati mna vijana wangapi?"

"Mimi."

"Na wanakusikiliza?"

Akarekebisha tai.

Bibi yangu, mzaa mama, alitoka chumbani akijikongoja. "Mjukuu wangu, tuiuze hiyo cherehani. Sitaki mwanangu adaiwe huko aliko."

Damu ilinichemka. Tangu nihitimu sijapata kazi. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha.

"Haiuzwi! Mama alisimamishwa mbele ya watu, akatajiwa kiasi, akaitikia kwa aibu. Hiyo ni ahadi au mtego? Ameshona mpaka macho yakamwisha, na bado mnamfuata kaburini?"

Kijana alisimama. "Nitawaambia umekataa."

"Waambie hivyo hivyo. Wakinitaka nitakuja kuwaambia mwenyewe."

Alipoondoka, bibi alikuwa analia. "Na mito ya kukalia je? Ile hakulazimishwa na mtu. Alituahidi sisi vikongwe wa benchi la mbele. Ubao ule unatuua migongo, mjukuu wangu."

Mnara ulikuwa wa kamati. Mito ilikuwa ya mama.

"Nitaishona, bibi. Jumapili mtaikalia."

Sponji mama alikuwa ameshainunua. Kitambaa hakikuwepo, isipokuwa changu cha buluu, nilichokinunua kwa kujinyima miezi mizima ili nishone suti ya usaili wa Jumatatu. Nilishika mkasi kwa hasira. Nikakata.

Jumapili niliingia kanisani kabla ya watu, nikapita chini ya mchoro mkubwa wa mnara bila kuutazama, nikapanga mito kwenye benchi la mbele. Bibi alipofika alikaa, akajisogeza kidogo, akaegemea nyuma na kufumba macho.

Jumatatu nilikwenda kwenye usaili na sketi yangu iliyopauka.