Mikono Isiyokwama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kompyuta na hapendi kuambiwa kitu. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, na kunyamaza sijui. Basi asubuhi ile ukumbini tukakutana chuma kwa chuma.

Saa nane mchana mama alikuwa anaagwa, anastaafu kufundisha ushonaji. Mama ni kiziwi tangu utotoni. Nyumbani kwetu sote tuliongea kwa mikono kabla ya mdomo. Kaka yuko ughaibuni mwaka wa sita sasa, na alikuwa ametuma video ya dakika nne, anampongeza kwa lugha ya alama. Shemeji akaijaribu kwenye skrini kubwa bila kujua kwamba mama ameshaingia.

Mikono ya kaka ikaruka, ikaganda hewani, ikaruka tena. Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa vidole, taratibu, "Amesahau lugha yetu." Akaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nikamwendea shemeji pale kwenye kompyuta.

"Shemeji, hii video umeifanya nini?"

"Nimeibana. Kompyuta yenyewe kongwe, nikaona niifanye nyepesi. Megabaiti ishirini tu." Na anajisifu, jamani.

"Kuibana ndiko kulikoiharibu. Kodeki uliyochagua, hiyo njia ya kufungasha video, inakunja picha kama nguo za safari. Nyingine haiziweki nzima, kompyuta ndiyo izikamilishe kutokana na za jirani, papo hapo wakati video inacheza. Sanduku dogo, lakini kulikunjua ni kazi. Mashine yako ina tumbo kubwa la kuhifadhi na kichwa kidogo cha kufikiri, sasa kwa nini unakitesa kichwa?"

Nikachukua faili la kaka lenyewe, nikachagua kodeki ya wahariri, ile inayohifadhi kila picha peke yake, imekamilika. Faili likavimba hadi gigabaiti tatu.

Shemeji akakunja uso. "Ikiganda mbele ya wageni, shauri yako."

"Shauri yangu. Diski inalimudu hilo bila kutoa jasho. Asiyejua maana haambiwi maana, ila wewe ni shemeji yangu, nakuambia."

Nikaijaribu mara moja, mlango umefungwa. Nikatosheka, nikaenda kunywa chai.

Saa nane mama alikaa mstari wa mbele, amekunja mikono kifuani, macho yako sakafuni. Nikamgusa bega atazame. Kaka akaanza kuongea, na vidole vyake havikukwama hata mara moja. Alisimulia jinsi mama alivyokuwa akimfinya kidole kila alipokosea alama. Mama akakunjua mikono, akaanza kumjibu kana kwamba yupo pale pale, kisha akanigeukia machozi yakimtoka, mikono inakwenda mbio.

Shemeji, ambaye lugha yetu anaijua nusunusu, akaniinamia. "Anasemaje?"

"Anasema inakwenda haraka mno."

Akainuka kukimbilia kompyuta. Nikamshika shati.

"Kaa chini. Anasema kaka anaongea haraka mno, kama zamani."