Presha ya Mzee Upepo

Fundi tairi mmoja, ambaye kila dereva aliyewahi kupata pancha karibu na gereji yao alimwita Mzee Upepo, aliingia zahanati na vitu viwili: karatasi na hasira. Karatasi ilitoka kwa bosi wake. Ilisema kabla mwezi haujaisha alete barua ya daktari kwamba presha yake imetulia, la sivyo akae nyumbani. Mwaka uliopita fundi mwenzake alidondoka akafa kwa presha huku amekumbatia tairi la lori, na tangu siku hiyo bosi alikuwa haoni tena matairi, anaona majeneza.

Akae nyumbani. Kumwambia hivyo mtu aliyeinua matairi miaka thelathini na moja ni kama kumwambia aende kaburini mapema akapazoee.

Aliyempokea ni nesi wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu walimwita Nesi Kamusi. Daktari akitupa neno gumu, yeye ndiye aliyeliokota, akalimenya kama chungwa na kumpa mgonjwa kipande kwa kipande. Madaktari watatu walikuja wakahama. Yeye alibaki, na maneno yao yote alibaki nayo.

Akamfunga ukanda mkononi. Mashine ikavuma, ikasoma mia na sabini na mbili kwa mia na mbili.

"Futa hiyo," akasema Mzee Upepo.

"Nifute kwa nini, baba?"

"Umenipima moto. Nimepanda ngazi mbio, nimegombana na mlinzi wenu, na kahawa nimeinywa hapo nje sasa hivi. Mimi tairi lililotoka safarini silipimi. Upepo ukipata joto unavimba, geji inadanganya. Ukiupunguza hapo, asubuhi unalikuta limelala. Tairi hupimwa baridi."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Haya, nesi, mwalimu wako kafika."

Nesi Kamusi hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Umesema kweli, na kosa ni langu," akasema. "Foleni imenikimbiza. Nenda haja ndogo, halafu rudi ukae hapa nusu saa, kahawa ipoe. Dakika tano za mwisho nyayo ziwe sakafuni, miguu usiipishanishe, mgongo uegemee kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na mdomo ufunge."

"Mdomo nao unapandisha presha?"

"Wa kwako hasa."

Alikaa. Katika maisha yake alikuwa amekemewa na mabosi, askari na mama mkwe, lakini hajawahi kuona mtu mwenye cheo akikiri kosa mbele ya benchi la watu bila hata kukohoa. Jambo hilo lilimnyamazisha kuliko amri ya kufunga mdomo.

Nusu saa ilipopita mashine ikasoma mia na hamsini na nane kwa tisini na nane.

"Imeshuka," akasema kwa ushindi.

"Imeshuka, lakini haijafika chini. Sikiliza. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa pale moyo unapojikamua. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukipumzika, kati ya pigo na pigo."

"Kumbe moyo unapumzika?"

"Unajiibia mapumziko, kidogo kidogo. Sasa wewe, hata moyo ukipumzika mishipa yako haipumziki. Tukikuta mia na arobaini kwa tisini au zaidi, tena siku tofauti, hiyo ndiyo tunaita presha ya juu. Kitabu chako hiki cha kliniki kinaonyesha ni mara ya tatu, baba. Hapo siwezi kulaumu kahawa."

Daktari akaandika kidonge kimoja kila asubuhi, akampa kumi na vinne. Nesi akamwazima mashine ndogo ya kujipimia nyumbani, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Namba zikiwa nzuri, barua atapata. Akamwandikia pia karatasi ya mambo ya chakula kwa herufi kubwa.

Karatasi hiyo mkewe ndiye aliyeisoma jikoni, mkono mmoja umeshika pakiti ya supu ya dukani.

"Hapa kaandika, sodiamu ni ile iliyomo ndani ya chumvi. Gramu moja ya chumvi ina sodiamu kama miligramu mia nne." Akaigeuza pakiti, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri. "Mume wangu, pakiti hii moja ina mia tisa. Chumvi tumeifukuza mlangoni, kumbe inaingia dirishani kwa jina la ukoo."

"Na mkate?"

"Mkate nao ni shemeji yake."

Ukaanza utaratibu mpya. Kila alfajiri Mzee Upepo alikaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, akajipima, akaandika, akameza kidonge. Mia na hamsini. Mia na arobaini na nne. Siku ya nane ikawa mia na ishirini na nane kwa themanini. Akamwonyesha mkewe namba kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

Kesho yake hakumeza kidonge, na mashine akairudisha kwenye mfuko wake.

"Umesahau dawa," mkewe akasema.

"Sijasahau. Geji ikishasema sawa, fundi anaweka mpira wa upepo chini. Anayeendelea kujaza tairi lililojaa anatafuta msiba."

Mkewe alikuwa ameolewa na ubishi huo muda mrefu kiasi cha kujua siku ambayo maneno hayafai. Kidonge akakiacha mezani kila asubuhi, kimoja juu ya kingine.

Wiki mbili zilipotimia akaenda zahanati bila kahawa, bila mbio, bila kumtazama mlinzi. Akapimwa baridi kabisa. Mia na sitini na sita kwa mia moja.

Daktari akatikisa kichwa. "Barua hii siwezi kuiandika, mzee. Mishipa ikisukumwa hivi inachoka, kisha unakuja kiharusi, au moyo unagoma." Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.

Nesi Kamusi alimpeleka pembeni, mbali na benchi. "Vidonge vimebaki vingapi?"

"Sita."

Hakumgombeza. "Ulikuwa na sababu. Wewe si mtu wa kusahau. Niambie."

Akamwambia habari ya geji na mpira. Nesi akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Hoja yako ina miguu," akasema. "Najua imekosea njia, ila sijajua ilipopotelea. Leo nenda kameze. Ubishi wenyewe nitaujia kesho gerejini, hata hivyo baiskeli yangu ina pancha."

Mzee Upepo alirudi nyumbani anajiuliza ni mtu gani huyu, mwenye wagonjwa mia, anayebeba ubishi wa fundi tairi mmoja akalale nao.

Kesho yake mchana nesi akafika anaikokota baiskeli. Lori lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, tairi la nyuma limevuliwa. Dereva wake, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameegemea mkono wa jeki na kuuchezea.

"Ondoa mkono hapo," Mzee Upepo akasema.

"Mzee, si gari limeshanyanyuka?"

"Limenyanyuka kwa sababu jeki ipo chini. Halikujinyanyua lenyewe. Itoe uone litakavyokuja kukusalimia."

Dereva akarudi nyuma. Mzee Upepo akageuka, akamwona nesi amesimama, mkono kwenye usukani wa baiskeli, hasemi kitu. Angeweza kusema. Neno alikuwa nalo mdomoni, lilionekana. Akaliacha.

Fundi akatazama jeki. Akatazama lori. Akakaa juu ya tairi lililovuliwa.

"Namba yangu ilikuwa nzuri," akasema polepole, "kwa sababu kidonge kilikuwa chini yake."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikadhani nimepona. Nikaitoa jeki."

"Wengi wanaitoa. Nimewaeleza watu miaka mingi, nawaambia meza kila siku, wanaitikia, wanaacha. Sikuwahi kupata neno la kuwaonyesha kwa nini. Leo nimelipata kwako."

"Sasa hii jeki itatoka lini?"

"Ukipunguza chumvi na kilo chache, ukatembea kila siku, huenda daktari akaipunguza. Huenda isitoke kabisa. Lakini anayeitoa ni fundi wake, si dereva."

Mzee Upepo akaziba pancha ya baiskeli kwa uangalifu kana kwamba ni gurudumu la ndege.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi mashine ikasoma mia na thelathini na nne kwa themanini na sita. Daktari akaandika barua, na chini akaongeza mstari mmoja: matairi ya lori asiinue peke yake. Mzee Upepo aliusoma mstari huo mara tatu. Peke yake ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Bosi naye akausoma, akaikunja barua, akasema, "Karibu kazini, mzee. Wawili wawili."

Asubuhi iliyofuata lilikuja lori lenye pancha. Akafungua nati zote, kisha akasimama kando ya tairi, mikono mitupu, akimsubiri fundi wa kuchomelea amalize chai yake. Alisubiri muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Leo umeishiwa nguvu?" mchomeleaji akauliza alipofika.

"Shika upande huo. Na ukiinua toa pumzi, usiibane."

"Pumzi inahusu nini na tairi?"

"Ukiibana, namba ya juu inaruka."

"Namba gani ya juu?"

"Inua kwanza," akasema Mzee Upepo. "Nitakueleza zote mbili."