Mkanda wa Tano

Kila anapokaa mbele ya dirisha, fundi cherehani hutupa jicho kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Pale hapana kitu, ila rangi iliyobanduka na utando wa buibui. Lakini jicho lake lilifundishwa utotoni. Katika sinema ya mtaani kwao, kitone cheusi kilipochomoza kwenye kona ile ya picha, baba yake alijua kwamba mkanda unakwisha na mashine ya pili iwashwe. Watu mia mbili waliokaa chini hawakukiona kamwe. Walikiona wawili tu, yeye na baba, kule juu katika chumba cha mashine kilichonuka mafuta na vumbi lililoungua.

Asubuhi ile alikuwa amekwisha vunja sindano mbili, naye si mtu wa kuvunja sindano. Jana yake baba aliletewa habari: jumba la sinema, lililokuwa limefungwa miaka mingi tangu watu wazoee kutazama picha majumbani, linageuzwa ghala la magodoro. Waliowahi kufanya kazi mle waje wachukue wanachotaka kabla ngazi hazijabomolewa.

"Tutakwenda wote wawili," baba alimwambia. "Wewe ulikuwa msaidizi wangu."

"Nina gauni la watu, baba."

"Gauni halina miguu, litakusubiri."

Mama akacheka kutoka jikoni. "Nendeni, Mfufuaji. Huenda wafu wako bado wamekaa vitini wanakungoja."

Jina hilo mtaa mzima ulilijua. Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama anavyotabasamu siku zote akiitwa hivyo, akavaa viatu. Walipotoka alifunga mlango, akausukuma. Akapiga hatua tano, akarudi, akausukuma tena. Walikuwa wamefika barabarani aliporudi mara ya tatu.

"Baba, umefungwa."

"Mtu aliyezika kabla ya kuua," alisema akihema, "hata kitasa hakiamini."

Binti akatazama chini. Mikono yake ilikuwa haitulii. Mara mfukoni, mara kwenye ncha ya khanga.

Miaka ishirini na mitatu nyuma, binti alikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa amelazwa hospitali wiki ya sita. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu, kila akitoka shule alipanda kwenye chumba cha mashine, na baba akampa kazi. Filamu zilifika katika makopo ya bati yaliyokwisha pita sinema nyingi, karatasi zake zimechubuka hazisomeki. Baba aliyafungua moja moja, akaukagua mkanda dhidi ya taa, kisha akataja namba. Binti akaiandika kwa chaki juu ya kifuniko, kubwa, ya kuonekana gizani. "Namba zako ndizo macho yangu," baba alikuwa akimwambia. Onyesho likishaanza hakuwa na muda wa kukagua tena. Alinyoosha mkono tu.

Wiki ile kulikuwa na filamu ya mikanda sita. Mwisho wa mkanda wa tano mama mmoja anasimama dirishani, anaimba, mwanawe anakwenda shule huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili. Katika mkanda wa sita mama yule anaugua, anakufa, anazikwa. Siku ya kwanza binti alilia. Siku ya pili alifumba macho. Siku ya nne shangazi alikuja kutoka hospitali, akanong'ona na baba kwenye ngazi, na baba aliporudi ndani alijifuta macho kwa kile kitambaa laini cha kufutia kioo cha mashine, kitambaa ambacho hata yeye mwenyewe hakujiruhusu kukigusa kwa mkono mchafu.

Siku ya sita, siku ya mwisho, baba alipotoka kuchukua maji, binti alilamba kidole, akafuta tano, akafuta sita, akaziandika upya kila moja mahali pa mwenzake.

Kwa hiyo watu waliona mama anazikwa, wakaona maandishi ya mwisho, wakainuka wakitafuta viatu na watoto. Wengine walikuwa wamefika mlangoni. Ndipo mashine ya pili ikawaka, na yule marehemu akatokea tena, mzima, mpaka akawa dirishani anaimba. Hakuna aliyetoka. Walisimama kwenye njia, katikati ya viti, viatu mkononi, wakamsikiliza mpaka picha ikazimika. Kisha zikaanza kelele na vicheko, na mwenye jumba akapanda ngazi mbilimbili.

"Unamzika mtu halafu unamwimbisha? Umelewa?"

Baba hakujitetea. Alisema mkono wake umemponyoka. Kesho yake alikuwa hana kazi, na aliyokuja kupata baadaye ni ya kulinda lango la bohari.

Siku tisa baadaye mama akarudi nyumbani, mifupa mitupu, mzima.

Mtoto wa miaka tisa aliliunganisha hilo na lile kama anavyounganisha leo mkono wa gauni na bega lake. Kazi ya baba imekwenda, mama amerudi. Akifungua mdomo, kila mkanda utarudishwa mahali pake. Miaka ishirini na mitatu imepita, na anajua ni upuuzi. Hata hivyo mama akikohoa chumba cha pili, mguu wake husimama wenyewe juu ya kanyagio la cherehani.

Walipofika kwenye jumba la sinema, msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope, aliwafungulia. "Shikamoo mzee. Angalieni mnapokanyaga."

"Marahaba. Ngazi hizi zinanijua."

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo kuliko anavyokikumbuka. Mashine zenyewe hazikuwapo. Sakafuni yalibaki matundu ya skrubu. Meza ya kukunjia mikanda ilikuwa bado imegandamana na ukuta, mpini wake umeshika kutu. Baba akaupapasa, kisha akasimama penye yale matundu, akanyoosha mkono wa kulia kando, mahali palipokuwa na rafu ya makopo. Mkono ukabaki hewani.

"Hapa," alisema. "Nimerudi hapa kila siku kichwani. Nachukua la nne, naweka. Nachukua la tano. Sijui mkono ulipitaje. Najua nilisoma tano."

Binti angeweza kuchukua mpini, wakashuka, gauni likashonwa. Alitazama kona ya juu ya lile tundu la kurushia picha. Hapakuwa na kitone cha kumwambia wakati umefika.

"Ulisoma tano, baba. Iliandikwa tano. Nilizibadilisha mimi."

Baba hakugeuka. "Ulikosea."

"Sikukosea. Ulikwenda kuchukua maji, nikazifuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mama aishie pale dirishani."

"Mama yupi?"

"Wote wawili."

Mkono wa baba ukashuka taratibu. Huko chini mtu alikuwa akigonga chuma, na kila pigo lilipanda kwenye nyayo zao.

"Miaka yote hii," baba alisema, "nasukuma milango." Akapita mbele yake, akashuka ngazi bila kushika ukuta, bila kumngoja.

Alimfuata na ule mpini wenye kutu. Nje, baba alikuwa ameshika mlango mkuu wa sinema, mlango ambao kesho ungeng'olewa. Aliusukuma mara moja, mara mbili, mara tatu.

Nyumbani mama aliwatilia chai, akautazama mpini. "Ndicho mlichokifuata hicho? Chuma cha kuulia panya?" Akawaangalia mmoja baada ya mwingine, akavuta kiti. "Hebu niambieni. Nimemtania mzee wa watu miaka na miaka kwa filamu ambayo mimi, niliyekuwa nimelala hospitali, sikuiona. Yule mama wa watu aliishia wapi hasa?"

Baba alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Kijiko kilizunguka, kikazunguka. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya maji.

"Aliishia dirishani," baba akasema. "Mtoto anakwenda shule, yeye anaimba."

"Na mazishi ambayo mtaa mzima unayasema?"

"Yalikuwa yameshapita."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatulia. Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Anaimba wimbo gani?"

Baba akaweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza tangu washuke zile ngazi, alimtazama binti yake usoni, na haikujulikana kama macho yale yamesamehe au bado yanahesabu.

"Muulize huyu," alisema. "Mimi nilikuwa na kazi ya mashine. Yeye ndiye aliyeusikia siku sita."

Mama akamgeukia, akangoja. Binti akatafuta sauti ya kuanzia.