Maji ya Thirza

Magunia mawili ya kimea cha shayiri yalikuwa yameishia kwa nguruwe, na Hester alibaki na moja tu. Baba yake, mzee Wilf, alikuwa na miaka tisini na mbili na moyo uliochoka, naye hakuomba dawa wala kasisi. Aliomba kikombe kimoja cha bia ya mama yake, Thirza, kama ile aliyoipika kabla ya vita katika jiko hilihili la shamba lao, Yorkshire.

Maelekezo Thirza aliyaandika nyuma ya kitabu chake cha sala: chemsha maji, ujione uso, kisha umwagie kimea. Hilo la uso Hester alilidhani mawaidha, kwamba mtu ajichunguze dhambi zake kabla ya kugusa pombe. Mara ya kwanza akamwaga maji yakitokota, kimea kikawa gundi. Mara ya pili aliyaacha yakapoa mno, akapata maji ya kuoshea vyombo.

"Nguruwe wananenepa, mimi nakonda," Wilf alisema kutoka kitini. "Leo umefanyaje?"

"Nimesali kwanza, Baba. Zaburi nzima."

"Zaburi ya nini? Angalia kwenye sufuria, mwanangu! Mama alikuwa anainama hapo kama kadondosha hereni."

Hester akaepua, akainama. Mvuke ulimpiga, hakuona kitu. Akangoja, maana gunia lilikuwa la mwisho. Mvuke ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Maji yakatulia, na humo akaona mvi zake, pua yake ndefu, vyote. Mwanamke asiye na kipimajoto alikuwa amekipata kipimo cha joto usoni mwake mwenyewe, kwamba ukionekana majini, maji yamefaa kimea, akamwachia mjukuu ambaye hakuwahi kumwona.

Hakumsikia baba yake akinyanyuka. Alimwona tu majini, begani kwake, akiikazia macho ile pua ndefu.

"Huyo hapo," Wilf alinong'ona. "Mwaga sasa, Mama."

Hester hakumsahihisha. Akayamwaga juu ya kimea kwenye pipa, na baada ya saa moja harufu tamu ilijaa jikoni. Bia yenyewe ilihitaji wiki tatu. Wilf hakungoja. Alichovya kidole kwenye pipa, akakilamba, akafumba macho.

"Nilipokuwa mtoto, yangu Mama alikuwa ananitolea hapahapa, ingali tamu, kabla haijawa pombe," alisema huku akilia. "Lete kikombe. Kile kidogo."