Mtu wa Shimoni

"Vuta!" alisema Jabez Quilter, na msumeno ukashuka.

Alikuwa amesimama juu ya gogo la mwaloni, mguu mmoja upande huu wa mstari wa chaki na mguu mwingine upande ule. Kazi yake ilikuwa kuuinua msumeno na kuulinda usiuache mstari. Chini yake, ndani ya shimo lenye kina cha kumpita mtu mrefu, Dan Crouch alikuwa ameshika mpini wa chini. Kazi ya Dan ilikuwa kuvuta. Anayevuta ndiye anayepasua mbao, na vumbi lote linamwangukia yeye.

"Vuta moja kwa moja, Dan. Unaning'inia kama shati kwenye kamba."

"Nina unga machoni, mzee!"

"Yafumbe. Huko hakuna cha kuangalia."

"Kuna chura. Ananicheka tangu asubuhi."

"Basi ana akili. Vuta."

Wakaendelea kupasua kidogo. Jabez alisikia kwenye mikono yake kwamba msumeno unashuka kwa kuyumba, kama mtu anayetembea huku anaangalia nyuma. Ilipofika saa sita Dan alipanda ngazi, akajikung'uta, akachukua koti lake kwenye ua wa miti.

"Unaenda kula?"

"Naenda zangu kabisa. Nimechimba njia za reli miaka minne, mzee, sijawahi kutaabika hivi. Kule tulikuwa watu mia, tunaimba, tunatukanana. Hapa kuna mimi na chura, na wewe juu kimya kama sanamu ya kanisani." Akavaa koti. "Halafu mjane wa Stagg anakutafuta. Kijiji kizima kinajua unamkimbia. Jumapili umetoka kanisani kwa mlango wa wapiga kengele, na wewe hujawahi kupiga kengele. Umemfanya nini mama wa watu?"

"Sijamfanya kitu."

"Wanasema umemposa, akakataa."

"Wanasema nani?"

"Mimi. Nimeanza leo," alisema Dan, akacheka, akaelekea kilabuni kwenye pombe yake ya matufaha.

Jabez alikaa juu ya gogo na mkate wake na jibini. Dan alikuwa mtu wa nne kuingia shimoni tangu Reuben Stagg alipokufa. Kasisi alitaka mbao za sakafu ya mnara wa kanisa kabla ya Krismasi, na mtu mmoja hawezi kuuendesha msumeno wa namna ile, hata awe na nguvu kiasi gani. Lakini si hilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Kilichomnyima usingizi ni swali. Alijua mjane anataka kumuuliza nini, kwa sababu muuza mkate alikwisha kumdokezea: Keziah Stagg alitaka kujua mume wake alikuwa akisema nini kazini. Ni jambo dogo. Mwanamke amefiwa, anataka maneno machache ya mumewe ya kukaa nayo nyumbani. Ni nani angekuwa nayo kama si mtu aliyepasua mbao pamoja naye zaidi ya miaka ishirini?

Na Jabez hakuwa nayo. Reuben alikuwa akiteremka ngazi asubuhi, anashika mpini, jioni anapanda. Akisema "fundo," maana yake msumeno umegonga fundo. Akisema "mafuta," Jabez anateremsha kopo la mafuta. Siku nyingine hata hayo hayakuwapo. Jabez, ambaye hakuoa na alikuwa akienda nyumbani kwenye jiko lililopoa, alifikiri kwa miaka yote hiyo kwamba Reuben anayatunza maneno yake kwa ajili ya mkewe, na kwamba yeye Jabez si mtu wa kupotezewa maneno. Hakumwambia mtu. Lakini sasa, kumjibu mjane, ingebidi aseme wazi kwamba alikuwa kama nguzo tu kwa mumewe.

Kwa hiyo alikuwa ametunga uongo. Aliufanyia mazoezi akiwa peke yake anatia tupa kwenye meno ya msumeno: alikuwa akikusifia mapishi, shemeji.

Hakusikia mtu akija, kwa kuwa majani yaliyodondoka yalikuwa yameloa. Alipoinua kichwa, Keziah Stagg alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo na shali yake nyeusi, mikono yake mikubwa ya kufulia imeshikana mbele.

"Usiinuke," alisema. "Ukiinuka utakimbia."

"Karibu, shemeji."

"Nilisikia msumeno umenyamaza. Nikasema leo hana pa kujificha." Akaketi kwenye kipande cha gogo. Alikaa kidogo akiliangalia shimo. "Unajua ninachotaka."

"Najua."

"Basi niambie. Alikuwa anasema nini, Jabez?"

Jabez aliweka mkate chini. Akafuta midomo. "Alikuwa akikusifia mapishi," alisema.

Keziah alimtazama, kisha akaanza kucheka, si kwa furaha sana. "Reuben? Yule mtu ungemchemshia kamba ya viatu angekula. Hakujua anakula nini hata siku moja maishani mwake." Akaacha kucheka. "Mbona unanidanganya? Alisema mabaya? Niambie tu. Nimezika watoto wawili na mume, siwezi kufa kwa maneno."

"Hakusema mabaya."

"Basi alisema nini?"

Jabez aliangalia mikono yake. Uongo wake ulikuwa umekwisha na hakuwa na mwingine.

"Hakusema kitu," alisema. "Hakusema kitu, shemeji. Fundo. Mafuta. Ndiyo hayo tu. Nilifikiri anayapeleka nyumbani kwako. Nilifikiri mimi si mtu wa kuongea naye."

Kunguru walikuwa wakipiga kelele kwenye miti ya uwanja wa kanisa.

"Miaka yote hiyo nilikuonea wivu," alisema hatimaye.

"Mimi?"

"Wewe. Anarudi jioni, anakula, anatazama moto, analala. Nikisema, anatikisa kichwa. Nikawa najiambia, maneno yake yameishia shimoni. Amemaliza yote kwa Jabez Quilter. Nilikuwa nakuona kanisani nasema, yule pale, ndiye aliyeolewa na mume wangu."

Jabez alitaka kucheka na akashindwa.

"Basi nani alikuwa nayo?" aliuliza Keziah, kama anayeuliza habari ya kuku aliyepotea. "Lazima alikuwa nayo mtu."

"Sijui."

"Siku moja nilimsikia anaongea na nguruwe. Kwa sauti ya chini, vizuri kabisa. Nikakaribia nisikie, akanyamaza." Akajifuta pua kwa shali. "Na nguruwe tulimchinja."

Wakaketi hivyo, mmoja upande huu wa shimo na mwingine upande ule. Jabez aliona kwamba mwanamke huyu amekuja kuchukua kitu na ataondoka mikono mitupu, atakwenda kukaa na moto wake, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Akatafuta tena ndani ya kichwa chake, polepole, kama anavyotafuta mstari wa chaki mvua ikiwa imeufuta.

"Kuna kitu," alisema. "Sijui kama ni kitu. Ukishika msumeno huu juu, unamsikia aliye chini. Si kwa masikio. Mikononi. Wengine wananiyumbisha tu, siwaelewi. Reuben nilikuwa namsikia." Akasita. "Mtoto wenu wa pili alipozikwa, alirudi kazini kesho yake. Msumeno ulishuka mzito nikadhani tumegonga fundo. Niliinama kuangalia. Hakukuwa na fundo. Ulikuwa mzito hivyo hivyo mpaka mavuno."

Keziah alijivutia shali yake mabegani.

"Na siku aliyozaliwa Hester wenu. Hakunitamkia neno. Aliteremka tu. Lakini msumeno haukuwa na uzito kabisa asubuhi ile, ulikuwa unapanda kabla sijauinua. Nikasema moyoni, wamepona wote wawili. Mchana muuza mkate ndiye aliyeniambia ni msichana."

"Na siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho alivuta kama siku zote. Sikujua anaumwa. Hilo nalo ni kweli, shemeji. Sikusikia kitu."

Keziah aliinuka. Akavua shali akaitundika kwenye ua, akakunja sketi akaifunga kiunoni kama wanavyofanya wanawake shambani kwenye viazi, akafunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Unafanya nini?"

"Nashuka."

"Shemeji, si mahali pa mwanamke. Watu watasema."

"Nimepishana na Dan Crouch njiani, ameshasema kwamba umeniposa. Watasema nini kingine?" Na mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi. "Nipe huo mpini."

Jabez alisimama juu ya gogo kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Akauinua msumeno. "Vuta," alisema, na Keziah akavuta, vibaya mno, kwa mabega, na msumeno ukalia. Akamwambia avute kwa mgongo. Akamwambia asiusukume kuurudisha, huku juu ndiko kwenye kazi hiyo. Baada ya muda ukaanza kwenda.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaona?" sauti ikatoka chini. "Soli za viatu vyako?"

"Ndivyo."

"Cha kushoto kina tundu."

"Najua."

"Miaka yote ile anaangalia tundu la kiatu chako, asiseme! Kweli alikuwa bubu." Akavuta mara kadhaa, anahema. "Jabez. Mimi sisikii kitu. Nasikia mti tu."

Jabez angeweza kusema kwamba inachukua muda, lakini hakujua kama ni kweli. Huenda aliye chini hasikii kitu kamwe, huenda ni aliye juu tu. Huenda Reuben hakujua kwamba anasikika. Akaendelea kuinua. Msumeno ukashuka, ukapanda, na vumbi la mwaloni likateremka shimoni, jekundu na lenye harufu chungu.

Baadaye uvutaji ulibadilika. Mwanzoni Jabez alidhani Keziah amechoka. Ulikuwa unashuka sawa lakini katikati unatetemeka, kisha unashuka tena. Akajua analia kule chini. Hakusimamisha msumeno. Angesimamisha, ingebidi aseme kitu, na Keziah angelazimika kufuta uso na kujibu. Wakiendelea, hakuna aliyedaiwa neno. Akawa anainua kwa utulivu zaidi, akingojea kila mvuto ufike wenyewe, mpaka mtetemo ukapungua, na jua likaingia nyuma ya mnara.

"Basi," alisema. "Mstari siuoni tena."

Hakuinama kuangalia kwenye ufa. Alingoja.

"Tumefika wapi?" aliuliza Keziah kutoka gizani.

"Kama urefu wa mkono. Tangu ulipoanza."

"Reuben angefika wapi?"

"Kule kwenye fundo."

"Basi fundo lisubiri."

Akapanda ngazi, uso mwekundu wa vumbi isipokuwa chini ya macho. Akashusha sketi, akachukua shali yake. Hakushukuru, na Jabez hakutarajia. Alipofika kwenye ua alisimama bila kugeuka.

"Kesho nina nguo za Kasisi za kufua. Mpaka saa nne asubuhi."

"Baada ya saa nne bado kuna mwanga mwingi," alisema Jabez.

Keziah akaenda zake kwa njia ya kanisani. Jabez aligonga kabari kwenye ufa ili mti usiubane msumeno usiku, akaupaka mafuta pale ulipoingia, akafunika gogo kwa gunia. Ubao ulikuwa umeachana na gogo kidogo tu, na mstari wa chaki uliendelea mbele yake, mrefu, mpaka ulipopotea gizani. Akachukua kopo lake la chakula akaenda nyumbani kuwasha jiko.