Ndiyo Thelathini

"Swali la kumi na moja, kaka." Rengganis aliibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiwa tayari juu ya kompyuta. "Kazi unayofanya sasa inalingana na ulichosomea? Ndiyo au hapana?"

Upande wa pili mashine ilinguruma, na mtu akapiga kelele kwamba maji yafungwe.

"Inalingana!" Iyus alijibu kwa sauti ya kuishinda mashine. "Andika ndiyo."

"Lakini hapa juu umesema una kiwanda cha tofu."

"Cha baba mkwe. Kwani tatizo nini?"

"Na shahada yako ya uzamili ni uhandisi mitambo."

"Sasa wewe dada, unadhani soya inachemka kwa dua? Nimewakuta wanapikia kuni, masufuria kumi na mawili, moshi mpaka msikitini. Boila nimeijenga mimi. Mabomba ya mvuke nimeyapigia hesabu mimi. Tasnifu yangu imebandikwa ukutani hapa, imejaa mafuta, lakini inasomwa kila wiki. Ya kwako itasomwa na nani?"

Rengganis akamsomea jibu lake kama utaratibu ulivyotaka, akaandika ndiyo. Ilikuwa ya ishirini na tisa.

Idara ya uhandisi mitambo chuoni ilikuwa imejua kwa miaka mitano kwamba wakaguzi wa ubora watakuja, na kwa hiyo ilianza kujiandaa Jumatatu iliyopita. Wahitimu arobaini walitakiwa kupigiwa simu, na thelathini kati yao waseme kwamba kazi zao zinalingana na masomo. Wakifika thelathini, idara ingebaki na daraja la juu. Wakiishia ishirini na tisa ingeshuka, na vyeti vya watakaohitimu mwaka huu vingeshuka nayo. Kazi ya kupiga simu ilipewa jumuiya ya wanafunzi, kwa kuwa jumuiya ina moyo wa kujitolea. Moyo huo, baada ya kila mtu kukumbuka ana maabara, ulibaki kwa Rengganis peke yake.

Yeye alikuwa anahitimu mwezi ujao. Alikuwa ameomba kazi wizarani, kitengo cha nishati, na tangazo lilisema kwa herufi nzito kwamba waombaji wenye vyeti visivyo na daraja la juu wasijisumbue. Mama yake huko Garut alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake anahamia wizarani.

"Umebakiza wangapi?" aliuliza Tigor. Huyu alikuwa mwaka wa saba wa uzamivu, na ndiye aliyemiliki kiti pekee chenye mgongo mzima katika chumba cha wanafunzi. Alikuwa anakula bala-bala za moto, maandazi ya mboga yanayochuruzika mafuta, juu ya makala ya kisayansi, ambayo sasa ilikuwa na matumizi.

"Wawili. Prayogi na Danang."

"Prayogi wa kwenye kipeperushi? Hiyo ndiyo ya bure. Andika tu."

"Utaratibu unasema nipige."

"Utaratibu," alisema Tigor kwa upole, kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu.

Picha ya Prayogi ilikuwa ukurasa wa mbele wa kipeperushi cha idara: suti, mikono imekunjwa, nyuma yake majengo marefu ya Jakarta. Alikuwa mhandisi mkuu katika kampuni ya ushauri, ghorofa ya thelathini na moja. Aliposomewa swali la kumi na moja, aliomba asubiriwe kidogo atoke ofisini. Mlango ukafungwa, sauti yake ikaanza kurudi kwa mwangwi wa ngazi.

"Hapana," alisema.

"Samahani, kaka?"

"Swali lako la kumi na moja. Hapana. Ninatengeneza slaidi, dada. Mteja akitaka mshale wa bluu, naweka wa bluu. Mwaka jana niliona pampu mara moja, ilikuwa kwenye slaidi ya mwenzangu."

"Lakini cheo chako ni mhandisi mkuu."

"Mkuu wa mishale." Alicheka kidogo. "Unajua, miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Iyus umempigia? Ana nafasi kule kiwandani?"

Rengganis alimsomea jibu lake. Prayogi akasema ni sahihi, akashukuru, akarudi kwenye slaidi.

Pak Kosasih, mkuu wa idara, aliingia wakati kidole cha Rengganis bado kiko hewani juu ya kisanduku. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Prayogi anatania," alisema. "Tangu mwanafunzi ana utani. Kampuni ile, cheo kile, halafu hapana? Mimi sikwambii udanganye, binti yangu. Nakwambia utumie busara. Na huyu wa tofu ulimwandika ndiyo?"

"Ndiye aliyesema, Pak."

"Basi andika sekta ya nishati, mvuke." Akatazama saa. "Fomu iende kesho saa sita mchana. Nakuamini." Akatoka haraka, kama watu wanavyofanya wakishamwamini mtu.

Rengganis akampigia Danang. Alipokea mama mtu.

"Danang hayupo, mwanangu. Ameenda kunyolewa. Ana usaili kesho saa tatu, kiwanda cha pampu. Miezi kumi yuko nyumbani, ananichambulia pilipili. Andika tu ana kazi."

"Siwezi, Bu," alisema Rengganis, kwa heshima anayopewa mama. "Nitampigia kesho."

"Piga akishatoka. Na umwombee."

"Nitamwombea sana, Bu," alisema Rengganis, na Tigor aliyekuwa anasikiliza akakiri baadaye kwamba hajawahi kusikia dua yenye nia safi kiasi hicho.

Kisanduku cha Prayogi kilikuwa bado kitupu. Hakuna mkaguzi ambaye angepiga simu kuhakiki. Rengganis alikitazama muda mrefu, akafikiria wizara, akafikiria majirani wa Garut, na ile sauti ngazini. Akaandika hapana. Akahifadhi, asije akapata busara.

Tigor aliacha kutafuna. "Sasa wewe riziki yako iko mikononi mwa kinyozi."

"Akipata kazi, tunafika thelathini."

"Usaili saa tatu, jibu kabla ya saa sita? Watu wanasubiri miezi mitatu."

"Huenda wana shida ya mtu."

Mlinzi alipita koridoni akigonga milango, jengo linafungwa. Rengganis alipanga simu imkumbushe saa tano kasoro robo, kisha akaongeza ya saa tano na nusu, akafunga kompyuta.