Neno Linalovuja

Mjukuu wangu wa kike tunamwita Chiriku kwa sababu ya miluzi yake, maana maneno anayoyatamka hayazidi vidole vya mikono miwili. Ana miaka saba na ana usonji. Akizidiwa hujing'ata kiganja hadi ngozi ichanike, au hugonga kichwa mlangoni.

Mwezi ule mama yake, binti yangu wa mwisho, aliitwa arudi kiwanda cha nguo baada ya likizo ndefu. Kama nisingeweza kubaki na mtoto peke yangu, angepelekwa kituo cha bweni, mwendo wa siku nzima. Fomu ilikuwa juu ya kabati, imeshajazwa. Ilibaki sahihi tu.

Ndiyo maana nilikubali kufundishwa malezi kwa simu, mimi niliyekuwa fundi bomba miaka arobaini na moja, nikasoma shule ya usiku nikiwa na watoto watatu, na nikafaulu.

"Shikamoo, Babu," alisema mwalimu, binti wa umri wa wajukuu zangu wakubwa. "Naona dari tu."

"Marahaba. Dari hiyo niliipigilia mwenyewe."

"Imenyooka. Sasa shusha simu nikuone na wewe."

Aliniagiza nigawe ukurasa wa daftari sehemu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. "Usiandike 'ana hasira'. Andika ulichoona. Na ulichosema wewe, neno kwa neno."

"Mimi nambembeleza tu."

"Andika hayo hayo ya kubembeleza."

Binti yangu akacheka. "Mwalimu, umempa baba daftari? Sasa tutasomewa taarifa ya habari kila jioni."

Na kweli niliandika, kwa mwandiko wa kusomeka. Wiki ilipokwisha nilikuwa na matukio kumi na manne. Mwalimu akaniomba nisome.

"Saa nne asubuhi. Alimwaga maji, akalia. Nikamwambia, 'Basi, basi, mama.' Akanyamaza, akavaa viatu, akasimama mlangoni. Nikamrudisha ndani. Akajing'ata."

"Linalofuata?"

"Saa nane mchana. Alikuwa anarusha vijiko. Nikasema, 'Basi!' Akaacha. Akaleta viatu. Nikavirudisha chini ya kitanda. Akagonga kichwa mlangoni."

Hapo kidole changu kikakwama kwenye neno 'viatu'.

"Babu, upo?"

"Ngoja kwanza."

Nilifunua kurasa zote. Katika matukio kumi na manne, viatu vilikuwa kumi na moja. Hakuna kitu Chiriku anachokipenda kama basi. Kila Jumamosi mama yake humpandisha, wanakwenda hadi mwisho wa njia na kurudi bila kushuka, na njia nzima anapiga miluzi.

"Nimekuwa nikimwahidi safari," nilisema, "halafu namfungia mlango."

"Umeliona mwenyewe, Babu. Mimi lilinipita."

Fundi bomba huitwa kwa sababu ya dimbwi jikoni, kumbe tundu liko ukutani, hatua kumi kutoka hapo. Anayejua kazi hadeki sakafu, hufuata maji. Mimi nilikuwa nimedeki miaka miwili, na tundu lilikuwa mdomoni mwangu.

Kuacha neno ukiwa na miaka sabini na mbili si mchezo, hasa neno hilo. Nilitia mfuko wa kulia mipira midogo ya bomba, vile vipete vya kuzuia maji yasivuje. Kila nilipoteleza, nilihamisha mmoja mfuko wa kushoto. Siku ya kwanza ilihama thelathini na mmoja.

"Baba, hata ukikohoa unalisema," binti yangu alinitania.

"Basi, nimesikia."

"Hamisha mpira."

Badala yake tulisema "imekwisha", sote kwa namna moja, na viganja viwili wazi. Picha ya basi tuliibandika kwenye kalenda, siku ya Jumamosi. Mwalimu alinifundisha kupunguza maneno mtoto anapozidiwa, kuweka mto kati ya kichwa na mlango, na kumsifu mara tu anapotulia. Alinionya pia kwamba huenda mambo yakaharibika kabla ya kutengenea. Siku ya tano yaliharibika. Chiriku alivaa viatu mwenyewe, akaugonga mlango nusu saa. Mkono wangu ulikaa nyuma ya mto nusu saa hiyo hiyo. Jioni haukuweza kushika kijiko, lakini kalamu ulishika.

Siku ya tisa mipira iliyohama ilikuwa mitatu.

Ijumaa ikawa siku ya kupimwa. Binti yangu alisimama ukumbini na mkoba begani, nyuma ya mlango uliorudishwa. Mimi na Chiriku tulikuwa sebuleni, mwalimu kwenye simu iliyoegemea birika. Saa nzima ilipita salama. Mwalimu akafurahi.

"Haya basi, Babu, mimi naona…"

Chiriku akainuka kwenda kwenye viatu. Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono.

Sikumtazama. Nilichukua kalenda, nikapiga magoti mbele ya mtoto, magoti yenyewe yakilalamika. "Leo hapana. Jumamosi." Nikaweka kidole chake juu ya picha. Akalia. Akajing'ata mara moja. Nikampa mto aung'ate, nikanyamaza. Mlango wa ukumbini ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Binti yangu alijizuia, nami najua ilimgharimu nini.

Baada ya dakika sita Chiriku alivua kiatu kimoja. Kisha cha pili.

"Vizuri, mama. Umevua viatu."

Akapiga mluzi mfupi.

"Babu, nisamehe," mwalimu alisema.

"Tafuta mipira," nilimjibu. "Mimi nina ya akiba."

Binti yangu aliingia, akambusu mtoto utosini, akanitazama. "Jumatatu niende?"

"Nenda kazini, mwanangu."

Daftari langu lilikuwa limejaa. Nikateremsha ile fomu juu ya kabati, nikaigeuza, nikapiga mistari miwili upande usioandikwa kitu. Katika sehemu ya kwanza nikaandika: *Mwalimu alisema neno.*